Fagio Anataka Kutupa Printa ya Saboti

Bakoki Simiyu,

Watu wakiandika barua wanaanza kwa kujuliana hali. Mimi ni mzima. Wewe najua hauko mzima, nilikuwa hapo Mabanga wakikufunika na udongo, kwa hivyo tuache hayo tuingie kazini.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumpa Nekesa aniandikie kwa sababu msichana wako analainisha maneno, hiyo tabia ameitoa kwa mama yake. Darasa nililofika unalijua, ulinicheka nalo maisha yako yote. Lakini angalia hizi herufi. Kubwa, zimesimama wima. Zako zilikuwa kama siafu wanahama. Mwalimu mzima wa chuo cha ufundi, na hata daktari alikushinda mwandiko.

Kwanza nikwambie, ulikufa vibaya. Ugonjwa sisemi, ugonjwa ni wa Mungu. Nasema wakati. Mtu mwenye akili hafi mahindi ikingoja kupaliliwa. Watu walikaa kwa matanga yako macho juu, wanaangalia mawingu, pasta akakata maombi katikati, na wewe ulikuwa mtu wa kupenda kuongelewa mpaka jua lizame. Ni mimi nilikuokoa. Nilisimama kama bakoki wako nikasema yale mke wako alikuwa ananikanyaga kidole nisiseme. Nilisema ulikuwa mchoyo wa chai. Nilisema asubuhi ile tulitoka mtoni na matope mwilini, mimi nilisimama mbele ya kisu kama nguzo ya stima, na wewe... nikanyamaza hapo, watu wakajaza wenyewe. Walicheka mpaka shangazi yako akashikiliwa. Mjukuu wako mmoja wa Nairobi akakasirika, ati huyu mzee ni nani anamtukana guka wetu mbele ya jeneza. Ikabidi aelezwe polepole kama mgeni: hawa walitahiriwa msimu mmoja, huyu peke yake ana ruhusa.

Mimi peke yangu. Wengine wa msimu wetu si walishatangulia? Basi.

Habari za huku Kibomet. Mama Nekesa amebaki Mabanga na kuku wake. Duka lako Nekesa amelipaka rangi ya kijani, inaumiza macho, lakini watu wanakuja, anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti. Mashine yangu ya posho bado inanguruma hapo kando, na bado hakuna inayoifikia kutoka hapa mpaka mlimani. Ile benchi yetu ya katikati bado iko. Upande wako kijana mmoja wa kuuza simu alitaka kukaa. Nilimwambia hapo kuna unyevu.

Sasa sababu ya barua.

Siku moja Nekesa alikuja mpaka mlango wa mashine, unga umejaa hewani, hakujali nguo yake. Akaniambia, maana baba ananiita mimi pia, "Baba, wanamsema mzee."

Nikajua ni akina nani. Wale watu wako. Hao ulikuwa unaandikiana nao kila asubuhi kabla hata ya kunisalimia mimi jirani yako, mmoja nchi ya baridi, mwingine nchi ya joto, hamjawahi kushikana mkono, na mnajenga pamoja ile kitu inaendesha kompyuta. Mfumo. Umeniambia mfumo, mfumo, mpaka nikauota. Ati bila huo kompyuta ni bati tu. Ati mnaujenga bure, mnaugawa bure, na mtu yeyote anaweza kufungua aone ndani kulivyo. Nilikwambia kitu ya bure lazima iko na mwenda wazimu nyuma yake. Ukasema, "Ndiyo, na tuko wengi."

Na ile sheria yenu ya kujivunia! Ati kila programu iwe ndogo, ifanye kazi moja tu na iifanye vizuri, halafu impasie mwenzake. Ulinieleza kama mtu ameshuka nayo Sinai. Nikakuvuta mkono nikakuonyesha mashine yangu: hapa inakoboa, hapa inapepeta, hapa inasaga, na hakuna moja inauliza nyingine imefanya nini. Hayo nilijua kabla nyinyi hamjaota ndevu. Wangeniita mimi, huo mfumo ungeisha kwa msimu mmoja wa mvua. Wewe ukanijibu, "Barasa, mashine yako inapasia watu mawe." Uongo mtupu. Ilikuwa jiwe moja.

Mimi hao watu wako niliwadharau tangu zamani, unajua. Unakumbuka ile walibishana juu ya jina? Kulikuwa na amri moja ndogo, mtu anaandika kwa kompyuta ndiyo faili lihame. Wengine wanataka jina la herufi mbili, wengine wanataka neno zima. Mimi nilipanda mahindi, nikapalilia, nikavuna, nikaanika, na hao bado wako kwa jina. Nikakwambia hii ni kamati ya josho kabisa. Si tuliona sisi kule Mabanga? Wazee walibishana kama geti la josho liangalie barabara au liangalie mto, wakaitana majina ya baba zao, na huku kupe wanamaliza ng'ombe. Jambo dogo kila mtu ana mdomo. Jambo kubwa likija wote wanaangalia viatu.

Basi jambo kubwa limekuja, na ni lako.

Nekesa akanikalisha kwa kiti chako akasoma. Yule uliyempa jina la Fagio, ambaye kila mwaka anatafuta kitu cha zamani cha kutupa nje, ameleta pendekezo. Anataka kuondoa kile kipande chako kwa mfumo, kile kinaongea na printa za sindano. Ameandika hivi, nimemfanya Nekesa arudie mpaka nikashika: ati kipande hiki ni cha zamani, hakuna mtu duniani anakitumia tena, kinawazuia kupanga upya sehemu ya chini, na kitu kisicho na mtu wa kukiangalia ni mlango wa wezi. Ati mwenye kipande ameulizwa, akaulizwa tena, amenyamaza. Na anayenyamaza amekubali. Mwisho wa mwezi anafagia.

Hakuna mtu duniani! Stoo ya mahindi ya wakulima wa Saboti iko wapi, mwezini? Mimi nilikusindikiza siku ya kuiweka hiyo printa. Inalia kama panya wamefungiwa kwa debe, waya yake ina mdomo mpana kama kitana, lakini inagonga karatasi tatu kwa mpigo mmoja: moja ya mkulima, moja ya stoo, moja ya dereva wa lori. Walijaribu zile za kisasa za wino, vumbi la mahindi likaziua kabla mavuno kuisha. Na mkulima bila ile karatasi ni mtu tu amesimama nje ya stoo akisema ameleta magunia. Nani atamwamini? Wakitoa kipande chako, siku mfumo mpya utawekwa pale, printa inanyamaza, na mavuno iko mlangoni.

Hilo lilinikasirisha kidogo. Lililofuata ndilo lilinipandisha. Mwenzake Fagio, sijui wa wapi, akajibu chini yake: ati afadhali, yule mzee ni kama amechoka, alikuwa anapinga kila kitu. Na mwingine akaweka ile sura ya kucheka.

Bakoki, nilisimama. Kiti kikaanguka. Umechoka? Wewe ni mbishi, ni mchoyo, unaimba vibaya kanisani, suruali zako zilikuwa fupi. Hayo ni yangu kusema. Nimeyalipia kwa damu asubuhi ile ya matope. Huyu wa sura ya kucheka alikuwa wapi tukimwagiwa maji ya baridi?

Halafu hiyo habari ya kunyamaza. Watu wamesoma mpaka wameharibika. Kwetu mzee akinyamaza kwa kikao cha mpaka wa shamba, fimbo kwa magoti, hata mtoto anajua amekataa. Hakuna mtu atagusa huo mpaka. Wanatumwa watu wawili jioni, na sukari mkononi, wamuulize taratibu roho yake inasema nini. Hawa wanachukua kimya cha mtu wanakihesabu kama mkono umeinuliwa. Ni nani alikuja kwako na sukari?

Nekesa akaniacha nipige kelele mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, hawajui."

Ni kweli. Hawakujua. Sisi tulitangaza kwa redio. Tulituma mtu kwa wakwe zako wote, hata yule mlikosana juu ya ndama alitumiwa mtu na akaja akala vizuri sana. Tulimwambia fundi wa viatu. Lakini watu uliongea nao kila siku ya Mungu kuliko ulivyoongea na ndugu zako, hakuna aliyewapelekea habari ya msiba. Nekesa alidhani kaka yake ameandika. Kaka yake alidhani hao ni kompyuta tu, si watu. Mimi sina lawama, mimi hiyo kitu siifungui.

Nikamwambia, kaa chini, andika. Nikaanza na mama yake Fagio. Nekesa akasema, "Hiyo siandiki." Nikaingia kwa baba yake. "Hiyo pia siandiki." Nikamuuliza, kwani wewe ni mtoto wa nani? Akasema, "Wa yule aliyekuwa ananiambia nisiandike matusi yako." Basi nikapunguza. Nikasema: waambie Simiyu hakunyamaza. Simiyu amekufa. Waambie alizikwa kwao Mabanga na watu wengi, hata mvua ilingoja. Waambie printa iko Saboti na inafanya kazi leo hii, waje waone wakitaka, watapewa chai, si ile ya Simiyu. Waambie anayesema amechoka arudie hayo maneno mbele ya bakoki wake.

Aliandika haraka, unamjua vidole vyake. Alipofika kwa lile neno la umekufa, kwa Kizungu, vidole vikasimama. Neno moja. Lilichukua muda kuliko barua yote. Mimi nikatoka nje nikaangalia barabara, kulikuwa na lori nataka kuona.

Akatuma.

Wakanyamaza. Nikamwambia Nekesa, unaona, wamekubali, si ndiyo sheria yao? Hakucheka.

Halafu zikaanza kunyesha. Pole, pole, pole, kutoka nchi sijui ziko upande gani. Dharau yangu haikuisha, usifikiri. Watu wale wale wa kubishana juu ya jina la amri, leo kila mmoja anajua kusema pole. Mmoja akaandika ati ulimkosoa kazi yake ya kwanza vibaya sana, akalia, akaifanya upya, na ndiyo sababu yeye ni fundi leo. Huyo nilimwamini, hiyo ni wewe kabisa. Mwingine akasema ulikuwa na neno ukilirudia kila kikao: kama kitu kinamfanyia mtu kazi, usikivunje ati kwa sababu wewe umepata wazo. Nekesa alisoma hilo mara mbili bila kuambiwa. Yule wa sura ya kucheka hajaonekana tena. Afadhali.

Fagio akaja wa mwisho. Akasema pole, hakujua, na ameona aibu. Nikadhani imeisha. Kumbe ako na mstari wa chini. Ati pamoja na hayo, kipande bila mwenyewe hakiwezi kukaa ndani ya mfumo. Nani atakiangalia sasa?

Nilitafuta mahali pa kumdharau hapo, nikakosa. Si ndiyo swali letu, siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi? Wazee wanakaa, wanauliza: huyu mtoto nani anasimama naye, huyu ng'ombe nani, hili shamba nani? Na kitu ambacho hakuna mtu amesimama nacho, si kinaliwa na kila mpita njia? Fagio hakufundishwa na mtu yeyote wa maana lakini hapo aliuliza kama mtu ametoka kwa watu. Nimempa heshima kidogo. Kama chumvi kwa chai.

Nekesa akaniangalia. Nikamwambia, andika jina langu. Barasa.

Alicheka, bakoki. Tangu tukuzike nilikuwa sijasikia hiyo sauti, kicheko chenyewe ni chako, kinaanzia puani. "Baba, wewe hata kuwasha hujui!" Nikamwambia nitaanza na kuzima. Akaandika, anacheka, anafuta macho.

Kumbe sikukosea sana. Yule mama wa nchi ya mvua, uliyemwita Mama Pole kwa sababu hajawahi kuharakisha kitu, akasema kuandika ataandika yeye, programu anaiweza. Shida hana printa. Hakuna hata mmoja wao ako na printa kama hiyo, na fundi hawezi kujua kama kitu inaandika bila mtu wa kusimama mbele ya karatasi. Akauliza, huyo Bwana Barasa ako karibu na printa? Nikasema mwambie niko na printa, niko na miguu, na ukweli niko nao kuliko huo ameomba. Fagio akakubali kwa sharti: kila mfumo ukitoka mpya, apate ripoti kutoka Saboti. Ripoti ikija, kipande kinakaa. Isipokuja, anafagia bila kuuliza mtu.

Ndiyo kazi yangu sasa. Mashine ya posho naachia kijana wangu, anaharibu unga, lakini nitafanya nini. Nekesa ananiwekea mfumo mpya kwa kile kidude kidogo cha flashi, ananifunga shingoni na kamba kama mtoto mwenye hirizi, napanda Saboti. Karani wa stoo anachomeka, mimi nasimama mbele ya printa, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Wakulima kwa foleni wanauliza huyu ni nani. Namwambia karani awaambie.

Mara ya kwanza ilitoa herufi zimekatwa miguu. Vichwa tu, mstari mzima wa vichwa. Nilifurahi sana, Mungu anisamehe, kwa sababu Fagio alikuwa ameapa hakuna kitu kitaharibika. Nikarudi mbio nikamwambia Nekesa, andika: imekata miguu.

Fagio akajibu siku ile ile. Nekesa akasita kunisomea. Nikamlazimisha. Ati, "Ripoti yako haina maana yoyote. Miguu gani? Hujasema ni mfumo upi, hujasema printa imeandika nini na ilipaswa kuandika nini. Andika kama mtu mzima."

Nikamwambia, soma tena.

Sijui nikwelezeje. Tangu uondoke hakuna mtu amenitukana. Wananiletea kiti. Kanisani wananipisha. Juzi nilikaa kwa benchi nikapiga uongo mkubwa juu ya chui niliyemkimbiza huko mlimani na mwiko wa ugali, uongo ambao ungekufanya ulale chini ukipiga mateke. Wote wakaitikia, "Kweli, mzee." Kweli gani? Watu wananiitikia kama mtu ameshalazwa ndani ya sanduku. Sasa huyu mtu wa nchi ya mbali, hanijui sura, ananiambia niandike kama mtu mzima.

Nikamjibu. Nekesa alipitisha nusu. Fagio akarudisha yake. Ni mchanga bado, anatukana kama mtu anasoma tangazo, na suruali zangu hajawahi kuziona azitukane. Lakini anajitahidi. Nitamfundisha.

Mama Pole alipata kosa akalirekebisha, miguu ikarudi. Mkulima wa kwanza kupata karatasi nzuri alilalamika ati printa inapiga kelele. Nikamwuliza kama anajua ni nani aliifanya iongee. Akasema hapana. Nikamweleza habari zako zote, na kwa vile ni mgeni wako nilianza na mabaya. Alikubali kusikiliza mpaka magunia yake yakaisha kupimwa.

Sasa Fagio ameleta tena pendekezo. Anataka kupanga upya njia yote ya kupitisha maandishi kwenda kwa printa, za zamani na mpya, zipite mlango mmoja. Wameanza kubishana tena, kila mtu na mdomo wake. Sielewi hata robo, na nimeshakataa. Nimemwambia Nekesa aandike Saboti inakataa mpaka ielezwe polepole. Mama Pole ameanza kueleza. Labda iko na maana, sijui. Labda nitakubali nikichoka kuwatesa.

Kesho asubuhi napanda na mfumo mwingine shingoni. Fagio anasema huu ni mzuri kuliko yote, na ananingoja. Bakoki, naweza kuuharibia jina kwa neno moja tu. Naweza kusema imekata miguu hata kama haijakata, na hakuna mtu wa kunishika, printa ni mimi tu naiona. Unanijua, ulimi wangu ungependa sana. Lakini ikiandika vizuri nitasema imeandika vizuri, hata kama Fagio atacheza ngoma kwa ajili ya hilo. Ikiandika vibaya nitasema vibaya, hata kama ni Mama Pole atalia. Juu ya hii printa yako sitadanganya mtu, leo wala siku nyingine, mpaka magoti yakatae mlima. Hiyo naweka kama ahadi.

Mengine yote nitaendelea kudanganya.

Kaa salama huko, mbishi wewe.

Ni mimi bakoki wako,
Barasa, mwenye mashine na printa